Siku ya Fomu Mbili

Mtu anayeingia ofisi ya wakili bila kubisha hodi, ama nyumba inaungua, ama moyo. Nyumba ya kina Pingamizi ilikuwa salama salimini. Aliingia saa tatu na robo asubuhi, jasho linamtiririka, kanga ya kichwani imelegea, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye meza ya Karani, akamsukumia simu juu ya mafaili.

"Soma."

Karani alimtazama kwanza yeye. Ndiyo ilikuwa kawaida yake, miaka mitatu sasa: kabla ya neno lolote, amtazame kidogo, kama mtu anayehakikisha kwamba taa imewaka. Asubuhi ile taa ilikuwa inatoa moshi.

"Soma, nimekwambia!"

Akasoma. Ulikuwa ujumbe wa Ofisi ya Udahili. Mwombaji amethibitisha kwa maandishi kusoma sheria katika vyuo viwili. Kanuni hairuhusu. Asipojiondoa katika kimoja, kwa barua yenye sahihi yake, dirishani, kabla ya saa kumi alasiri ya leo Ijumaa, nafasi zote mbili zitafutwa.

"Fomu zangu ziko wapi?" akauliza Pingamizi.

"Ziko kwenye trei."

Karani akageuza kichwa. Trei ilikuwa tupu, imepanguswa vumbi, safi kama sahani ya mgeni.

Pingamizi si jina lake la cheti. Alipewa na marehemu baba yake, kwa kuwa alipozaliwa alikataa titi la kushoto mpaka apewe la kulia kwanza. Na alipokua hakukubali kuoga, kunyolewa wala kulala bila kwanza kupewa hoja. Mtoto wa namna hiyo usipompeleka kusoma sheria, atakusumbua nyumbani mpaka uzeeni. Alifanya mtihani wa kuingia, akaufaulu kwa alama za kutisha, na vyuo viwili vikamtaka.

Kimoja kilikuwa hapa hapa mjini, nyuma ya soko la vitambaa. Masomo jioni, miaka saba, na mchana angeendelea kusuka nywele saluni kwa shangazi yake. Cha pili kilikuwa mbali, safari ya siku mbili kwa basi. Hicho kilikuwa tayari kumlipia kila kitu, kitanda na vitabu pia, kwa sharti moja: akimaliza miaka minne, afanye kazi huko huko miaka miwili. Jumla sita. Karani hangeweza kumfuata. Baba yake alikuwa amepooza upande mmoja na hana mtu mwingine duniani wa kumgeuza kitandani.

Jumatatu Pingamizi alikuja na fomu zote mbili. Zilitakiwa kushuhudiwa na wakili, na Bi Wakili, mwenye ofisi, alikuwa anasafiri jioni ile kwa kesi, hana hakika kama atarudi kabla ya Ijumaa, siku ya mwisho ya fomu. Basi Pingamizi akatia sahihi zote mbili, Bi Wakili akashuhudia zote mbili, na Karani akaambiwa: "Zikae hapo. Ijumaa nitakuja kuchukua moja, nyingine nitaichana." Karani akasema sawa, mpenzi.

Sasa alikuwa amefungua daftari la barua zinazotoka, na kidole chake kinashuka kwenye ukurasa wa Jumatano kama kidole cha mtu anayesoma majina ya majeruhi. Mia nne kumi na nane. Mia nne kumi na tisa. Mwandiko wake mwenyewe, mzuri, ulionyooka. Jina la Pingamizi mara mbili.

"Nilizipeleka mimi," akasema.

"Ulizipeleka."

"Jumatano mzee alianguka kitandani alfajiri. Nilikuja hapa sijalala. Trei ilikuwa imejaa. Nika..." Akaonyesha kwa mikono: bahasha, gundi, muhuri, daftari. "Ofisi hii, karatasi iliyotiwa sahihi hailali. Ndicho kitu cha kwanza nilichofundishwa hapa. Miaka kumi na miwili. Mikono ilifanya yenyewe, kama mtu anavyofunga vifungo vya shati."

"Vifungo vya shati!" Pingamizi akacheka kicheko kibaya, kikavu. "Maisha yangu ni vifungo vya shati!"

Mlango wa ndani ukafunguka. Bi Wakili alikuwa mwanamke mfupi, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, penseli mdomoni. Hakuuliza kuna nini. Kuta za ofisi ile zilikuwa za mbao nyembamba. Hata chafya ya mteja aliisikia na kuiombea heri. Akachukua simu, akasoma, akaitoa penseli.

"Saa ngapi sasa?"

"Tatu na nusu, Mama," akasema Karani.

"Basi hajafa mtu. Karani, piga barua ya kujiondoa. Jina la chuo acha wazi. Sababu acha wazi, wale huwa wanataka sababu. Toa nakala nne, maana mkono unaotetemeka huharibu karatasi. Na nyie wawili, kulia mtalia jioni. Mahakama ya machozi haina saa ya kufunga."

"Nijiondoe katika kipi, Mama?" akauliza Pingamizi. "Niambie wewe."

"Mimi? Mimi nilisoma hicho cha hapa. Tulianza watu arobaini na wawili, tukamaliza saba. Nilikuwa nasinzia nimesimama. Sheria niliipata. Mume alichoka kunisubiri, akaondoka na mtu aliyekuwa analala saa za kulala." Akarudisha penseli mdomoni. "Cha mbali sikijui. Sitolei ushahidi nisichokijua."

Karani akaanza kuchapa. Vidole vyake vilikwenda tip-tip-tip, bila kukosea, na Pingamizi akavichukia vidole vile. Angefurahi vitetemeke. Angefurahi aone herufi moja imekaa upande.

Kabla nakala ya nne haijatoka kwenye mashine, mama yake Pingamizi aliingia. Alikuwa anafanya kazi ya kufua mashuka hospitali, na alikuja na gauni lake la kazi, limelowa tumboni, harufu ya dawa ya madoa imemtangulia. Binti alikuwa amempigia simu njiani, analia.

"Shikamoo, Mama," akasema Karani, akasimama.

"Usiniamkie, baba. Salamu yako nimeipata kwenye simu." Akamgeukia mwanawe. "Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Wewe, mwanangu, zimekuponyoka zote mbili kwa mpigo! Kwa nini? Kwa sababu nyama umempa fisi akuwekee!"

"Mama, ni bahati mbaya."

"Bahati mbaya huja na bahasha moja. Mbili ni mpango. Huyu hataki uende. Nani asiyejua? Akufungie mlango wa mbali, na ule wa karibu aujue yeye funguo zake. Utasuka nywele mchana, utasoma jioni, na usiku utamsaidia kumgeuza mzee. Mwaka wa pili tumbo, mwaka wa tatu shule kwaheri. Mimi nimefua mashuka ya wanawake wa namna hiyo, nawajua hata kwa madoa."

"Mama!"

"Sijamtukana mzee wa watu. Mungu ampe nafuu. Nasema nilichokiona." Akamsogelea Karani mpaka gauni lake lililolowa likagusa ukingo wa meza. "Haya. Hapa mnaapisha watu, sivyo? Kila siku watu wanainua mkono hapa. Inua na wewe. Apa mbele ya bosi wako kwamba hukukusudia."

Feni tu ndiyo iliyokuwa ikilalamika juu.

Pingamizi alimtazama Karani. Inua, alimwambia kwa macho. Inua tu huo mkono, useme, na mimi nitakuamini mpaka kaburini.

Mikono ya Karani ilibaki juu ya meza, viganja chini. Bi Wakili aliyekuwa akimtazama kwa pembe ya jicho alivaa miwani yake, akaivua tena.

"Mmeona?" akasema mama mtu, na ajabu ni kwamba hakusema kwa ushindi. Alisema kwa uchovu. "Mimi narudi kazini, mashine nimeiacha inazunguka. Mwanangu, mimi sijasoma. Lakini ukinifuata kaburini hujawa wakili, nitakufukuza urudi."

Akaondoka. Pingamizi akazinyakua nakala zile nne, akatoka nje.

Karani alimfuata. Bi Wakili hakumzuia, alisikika tu akisema nyuma yao, "Dirisha namba tatu, na msisahau kitambulisho!"

Kutoka pale mpaka Ofisi ya Udahili ni mwendo wa dakika ishirini kwa mtu mwenye akili timamu. Wao walitumia saa nyingi, kwa sababu Pingamizi alikwenda kwanza nyumbani kuchukua kitambulisho, hakikuonekana. Akaenda saluni kwa shangazi, kikaonekana chini ya mashine ya kukaushia nywele. Na kote huko Karani alikuwa hatua tano nyuma. Shangazi mtu alichungulia dirishani akasema, "Huyo mume mtarajiwa au askari kanzu?" Hakuna aliyecheka.

Wakapita mtaa wa maseremala. Vitanda vimepangwa barabarani, vinang'aa vanishi, harufu yake inaingia mpaka kooni. Seremala mmoja, msasa mkononi, akawaona, akanyoosha mikono yote miwili.

"Karibuni, maharusi! Sita kwa sita, mti mgumu, hakipigi kelele! Dada, mwambie kaka asiwe mgumu kama mti wangu!"

Hapo ndipo Pingamizi aliposimama. Mabega yake yalianza kupanda na kushuka. Seremala aliona machozi, akashusha mikono, akarudi kwenye kitanda chake akakipiga msasa kwa bidii mahali palipokwisha kuwa laini.

Karani akamfikia, akamchukulia mkoba begani, taratibu, kama mtu anayempokea mgonjwa mzigo. Pingamizi hakumkataza. Wakaendelea kutembea, sasa bega kwa bega.

Ukumbi wa udahili ulikuwa na viti vya plastiki na foleni iliyozunguka mara mbili. Saa ya ukutani ilisema saa tisa na dakika tano. Mbele yao watu kumi na tisa; Pingamizi aliwahesabu mara tatu, kila mara akitumaini amekosea.

"Kwa nini hukuapa?" akauliza, macho kwenye mgongo wa mtu wa mbele.

"Nitakwambia."

"Lini? Nikishazeeka?"

"Chagua kwanza. Nikikwambia kabla hujachagua, nitakuwa nimekuchagulia."

"Huo ni uwakili. Wakili hapa ni mimi, tena bado sijawa, na kwa mwendo huu huenda nisiwe kamwe." Akageuka, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Mama ana kauli juu yangu. Shangazi ana kauli. Bi Wakili anajifanya hana, lakini anayo. Hata seremala ana kauli! Miezi miwili tangu barua zije, mtu mmoja tu hana. Nakuuliza niende, unasema 'uamuzi wako.' Nakuuliza nibaki, 'uamuzi wako.' Mimi ni mpenzi wako au ni mteja?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Sema neno moja tu, Karani. Nilisikie. Sema hata uongo!"

Foleni ikasogea. Watu kumi na mmoja. Mwanamke aliyekuwa nyuma yao, wa makamo, mwenye bahasha kubwa ya kaki kifuani, alijifanya anasoma tangazo ukutani. Tangazo lilikuwa limegeuzwa, upande mweupe nje.

"Nikilisema utabaki," akasema Karani. "Nakujua. Utabaki, na kila siku jioni utapita mbele ya ofisi yetu na vitabu vyako, umechoka, na siku moja utaniangalia kama mama yako alivyoniangalia leo."

"Sema."

"Pingamizi..."

"Sema, nakuomba. Nitapasuka hapa mbele za watu."

Karani akashika mkoba ule kwa mikono yote miwili. Na neno likatoka, dogo, la mtu asiyelizoea.

"Baki."

Halafu likavunja ukuta, na yaliyokuwa nyuma yake yote yakamwagika.

"Baki. Sitaki uende. Saa kumi na moja jioni nikisikia viatu vyako kwenye ngazi, ndipo siku yangu inapoanza, wengine wakifunga ya kwao. Baba hawezi kutamka jina langu vizuri, lakini ukikohoa mlangoni anageuza macho. Huko mbali utakutana na watu wanaozungumza kama wewe, wenye hoja, na mimi nitakuwa mtu mmoja uliyemjua, mwenye muhuri. Usiku wa kuamkia mtihani wako uliniomba nikuombee. Niliomba. Niliomba ushindwe." Midomo yake ilikuwa imekauka. "Mungu anisamehe, niliomba ushindwe."

Foleni ikasogea, wakasogea nayo bila kuangalia.

"Na fomu?"

"Sikukusudia. Hilo najua. Niliposoma daftari leo moyo ulisimama. Lakini mama yako alitaka niape." Akanyanyua mkono wa kulia nusu, akautazama kama kitu cha mtu mwingine. "Nimewasimamia watu miaka kumi na miwili wakiapa uongo. Nawajua, wanaangalia dirishani. Mimi nilitaka kuapa, nikajikuta naangalia dirishani. Siwezi kuapa kwamba mkono huu haukujua unafanya nini. Mimi sikujua. Wenyewe, sina hakika."

Watu wanne. Saa kumi kasoro dakika kumi na tatu.

Pingamizi alikuwa ameshinda siku nzima akiamini kwamba akilisikia neno lile tu atabaki, na kilichobaki kitajipanga chenyewe. Sasa amelisikia. Lilimwingia kifuani, likakaa, na utamu wake ulikuwa mkubwa kuliko alivyodhani. Na papo hapo akaogopa. Kwa maana aliona kweli atabaki. Si leo tu. Atabaki kesho akichelewa darasani kwa ajili ya mzee, atabaki kesho kutwa akiruka mtihani, na kila mara itakuwa kwa kupenda, kwa hiari, kwa kicheko, hakuna atakayemlazimisha. Ataizika sheria yake mwenyewe, kijiko kimoja kimoja, na hatasikia hata maumivu.

Akamshika Karani shavuni, pale foleni, mbele za watu.

"Asante," akasema. "Ungeniambia mwezi uliopita, mjinga wewe."

"Ningekuambia mwezi uliopita, ungefanyaje?"

"Ningelia mwezi uliopita. Leo ningekuwa nimemaliza." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Nipe kalamu."

Karani akampa. Akamgeuzia na mgongo, akainama kidogo, apate mahali pa kuandikia. Na Pingamizi akaiweka karatasi juu ya mgongo ule, akaandika jina la chuo. Karani hakuona, lakini alilisikia likipita katikati ya mabega yake, herufi kwa herufi. Jina la chuo cha mbali lilikuwa refu, maneno manne. Hili lilikuwa fupi. Alipolisikia limekwisha alifumba macho, akabaki ameinama hivyo hivyo.

"Dada!" Mbele yao hakukuwa na mtu tena, na dirishani bwana mmoja mwenye mvi na kikombe cha chai kilichopoa alikuwa ananyoosha mkono. "Dada, tunafunga!"

Pingamizi akatia sahihi, akapitisha barua chini ya kioo, na kitambulisho juu yake. Yule bwana akasoma, akaigonga karatasi kwa ukucha.

"Sababu hujajaza."

"Lazima?"

"Bila sababu haipokelewi. Si mimi, ni kanuni."

Saa kumi kasoro dakika tano. Pingamizi akaivuta karatasi. Nafasi iliyoachwa ilikuwa mstari mmoja. Akamtazama Karani, mtu aliyejaza fomu za mji mzima, mtu ambaye angemwambia mara moja wengine huandika nini. Karani alitikisa kichwa.

Akaandika mwenyewe, haraka. Yule bwana akaisoma kwa sauti, kwa mazoea ya kazi:

"'Kiko karibu mno.'"

Akainua macho, akacheka mpaka kikombe kikatikisika. "Miaka kumi na tisa niko dirisha hili! Watu wanakataa chuo kwa sababu kiko mbali. Wewe ndiye wa kwanza, dada. Wa kwanza kabisa!" Akagonga muhuri. "Haya. Nafasi yako ya huko mbali iko salama. Wanafungua Jumatatu ijayo, usichelewe. Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa yule mwanamke wa bahasha ya kaki. Lakini hakupata pa kupita. Pingamizi alikuwa ameuficha uso wake kwenye shati la Karani, na Karani alikuwa amemshika kichwa kwa kiganja, mkoba umeanguka miguuni pao, na mabega ya wote wawili yanakwenda pamoja, kama watu wanaobeba kitu kizito kwenye ngazi.

Mwanamke alisubiri. Aliangalia saa, akawaangalia wao, akakohoa kidogo.

"Wanangu," akasema taratibu, "sogeeni tu kidogo. Na mimi nina mtoto wangu hapa ndani ya bahasha."

Wakasogea. Hatua mbili. Zaidi ya hapo hawakuweza.